Mchemraba wa Kumi Umekosa Mahali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mafunzo ya vitendo kwenye ujenzi wa ghorofa hapa Dodoma. Tumevunja michemraba 10 ya zege ya siku 28. Nguvu zake, kwa niutoni kwa milimita ya mraba, ni 22.1, 23.4, 24.2, 24.8, 25.3, 25.9, 26.4, 27.0, 27.8 na 29.1. Nimeambiwa nizichore kwenye karatasi ya uwezekano, ile yenye mistari ya asilimia isiyolingana nafasi. Wa kwanza nimeuweka kwenye asilimia 10, wa pili 20, hadi wa kumi ambao ni 100, lakini karatasi inaishia 99.99. Nikauacha. Nukta tisa zilizobaki zimepinda kidogo. Wastani ni 25.6 na ramani inataka zege la daraja la 25, kwa hiyo naona tumefaulu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jana usiku nimezichora namba zako mara mbili, kwanza kwa njia yako, kisha kwa njia yangu. Kosa lako hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo nikiwa kijana maabara.

Karatasi haina 100 kwa sababu mkunjo wa mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, haugusi chini kamwe. Kila ukisogea pembeni, bado kuna kitu kimebaki. Ndiyo maana mistari imebanana katikati na kuachana kwenye ncha. Pima kwa rula: kutoka 50 hadi 84 ni sawa na kutoka 84 hadi 97.7. Kila hatua hiyo ni mkengeuko sanifu mmoja, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani.

Sasa, michemraba yako kumi inawakilisha zege lote lililomwagwa, kila mmoja sehemu yake moja ya kumi. Ukiuweka wa kwanza kwenye 10, umeusimamisha ukingoni mwa sehemu yake. Uweke katikati. Toa nusu kwenye nafasi yake, gawa kwa 10, zidisha kwa 100 upate asilimia: wa kwanza 5, wa pili 15, wa nne 35, wa kumi 95. Kanuni hii ni ya Allen Hazen, mhandisi Mmarekani wa mambo ya maji, aliyetumia karatasi ya namna hii mwaka 1914 katika hesabu za mabwawa ya kuhudumia miji. Zipo kanuni nyingine, lakini kwa kazi yako hii inatosha.

Kwa njia yako, mstari unasoma kama 25.3 kwenye 50. Kwa njia ya Hazen, nukta zote kumi zinanyooka. Tandaza uzi mweusi juu yake, uvute mpaka zigawanyike pande zote mbili. Mimi naupenda uzi kuliko rula kwa sababu hauzifichi nukta. Kwenye 50 utasoma 25.6, kwenye 84 utasoma 27.7. Tofauti, 2.1, ndiyo mkengeuko sanifu wako. Kama nukta zingevunjika katikati na kuwa mistari miwili, ningekuuliza kama saruji au kokoto zilibadilishwa. Niliwahi kuona mvunjiko wa namna hiyo, na kweli kulikuwa na mizigo miwili ya kokoto.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni hilo neno lako "tumefaulu". Daraja la zege halipimwi kwa wastani. Linapimwa kwa nguvu ambayo ni asilimia 5 tu ya zege inayotarajiwa kuwa chini yake. Shuka na uzi wako mpaka 5: unasoma takriban 22, si 25. Wastani wa 25.6 wenye mkengeuko wa 2.1 maana yake ni kwamba kama asilimia 40 ya zege lenu iko chini ya 25, na nguzo haibebwi na wastani.

Michemraba kumi ni michache, kwa hiyo hiyo 22 ina kuyumba kwake. Hata hivyo, rudisha mchemraba wa kumi, chora upya, na umpelekee mhandisi wako karatasi hiyo kabla hamjamwaga sakafu inayofuata.