Maswali yenu: tovuti ya kuonyesha kazi za mwanaprogramu

Nimemaliza portifolio yangu na kuwatumia waajiri watatu kiungo. Wote wanasema haifunguki, ilhali kwangu inafunguka vizuri. (Sakina, Arusha)

Kiungo ulichoniambatishia kinaanza na localhost, yaani kompyuta ileile inayokifungua. Mwajiri akikibofya, kompyuta yake inajitafuta yenyewe na kukuta patupu. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba ninashuku hakuna anayejaribu kazi yake kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuituma. Ipakie kwenye GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, ambako hifadhi (repository, yaani folda ya mradi) iliyo wazi kwa umma hailipiwi: ipe hifadhi jina lako la mtumiaji likifuatiwa na .github.io, kisha uweke humo index.html, yaani faili la ukurasa wa kwanza. Picha zikigoma kuonekana, angalia herufi, kwa kuwa Windows huona Picha.JPG na picha.jpg kuwa faili moja ilhali seva ya GitHub huziona mbili. Nenosiri la hifadhidata nalo lisiwemo kwenye msimbo. Kama limekwisha kupakiwa, kulifuta hakutoshi, kwa sababu Git, programu inayorekodi mabadiliko ya msimbo, hutunza historia. Libadilishe leo.

Video ya Mlima Kilimanjaro nyuma ya ukurasa itapendeza? (Majengo, Moshi)

Hapana. Mlima haukuandika msimbo wako, na bando linaloliwa ni la msomaji.

Nina kazi mbili tu. Niongeze zile za kwenye kozi ili zifike 10? (Soweto, Moshi)

Usiongeze, kwani anayeajiri amekwisha kuchoshwa na vikokotoo vya kozi moja. Programu uliyomtengenezea mama yako ya kurekodi mauzo ya duka lake karibu na soko la Mbuyuni umeiandikia maneno matano: "Mfumo wa kisasa wa mauzo". Hapo umejipunja, kwa maana katika barua yako kwangu umeeleza mambo ambayo mwajiri angeyasoma hadi mwisho: kwamba mtandao ukikatika mauzo yalikuwa yakipotea, kwamba uliamua yahifadhiwe kwanza ndani ya kivinjari cha simu na kupelekwa kwenye seva mtandao ukirudi, na kwamba risiti moja iliingia mara mbili hadi ulipoipa kila risiti namba yake ya pekee. Hayo ndiyo ya kuandika. Mstari ule wa "JavaScript asilimia 90" uuondoe, maana hakuna ajuaye ni asilimia 90 ya nini. Jambo ambalo hukuniuliza ni picha zako za skrini: majina ya wateja wanaodaiwa na mama yanasomeka. Yafute kabla hawajayaona wenyewe.

Ni lazima ninunue kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.tz? (Njiro, Arusha)

Si lazima, hicho ni cha biashara, na mtu binafsi ana .me.tz, ambacho wengi hukisahau. Ukinunua, kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe. Mimi nilimwachia rafiki akisajili kwa barua pepe yake. Alipoacha kuitumia, taarifa za kulipia ziliendelea kwenda huko, nami nikajua kikoa kimekwisha muda siku mteja aliponiuliza kama bado ninafanya kazi.