Mguu wa kulia umelegea, maumivu yamepotea kushoto, kwanini?

Mdogo wangu, umeuliza inakuaje uti wa mgongo ukikatwa nusu ya kulia, mguu wa kulia ndo unalegea ila maumivu hayasikiki mguu wa kushoto. Usikimbilie kukariri majina, jiulize kila njia ya neva inavuka wapi kwenda upande wa pili. Ile ya kuamrisha misuli inashuka toka kwenye ubongo na nyuzi zake nyingi zinavuka kwenye medula (sehemu ya chini kabisa ya ubongo, inapoungana na uti wa mgongo), yani kabla hata ya kuingia mgongoni, kwahiyo huku chini ishakuwa upande wa mguu wake. Ya mtetemo na kujua kiungo kimekaaje nayo inapanda upande uleule mpaka medula. Sasa ya maumivu na joto ndo inawachanganya wengi, yenyewe inavuka mapema humohumo kwenye uti, pingili moja au mbili tu juu ya ilipoingilia, ndo maana jeraha la kulia linaua maumivu ya kushoto. Hiyo hali inaitwa Brown-Séquard na kwenye mitihani wanaipenda sana. Chora njia zote tatu kwa rangi tofauti bila kuangalia kitabu, alafu weka kidole popote useme nini kinapotea chini yake.