Barua kwa mwanangu: pikipiki yako ina magonjwa mawili

Mwanangu Salim,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na picha zote, pamoja na ile ya waya zilizotoka chini ya siti kama utumbo wa mbuzi wa Idi. Umeniuliza: betri mbili mpya zimekufa, fundi mmoja kasema koili ya chaji, ile inayozalisha umeme ndani ya injini, imeungua, wa pili kasema regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za chaji, wa tatu anataka uagize wiring nzima ya mtumba, yaani fungu lote la waya, umsikilize nani? Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Katika maelezo yako yote sijaona namba yoyote iliyotoka kwenye mita. Wametazama, wamenusa, wakatoa bei.

Umesema mambo mawili kwa pumzi moja, na nadhani ndiyo maana kila fundi ana jibu lake. La kwanza: ulipokwenda Mwanza wiki mbili ukarudi, betri ilikuwa imekauka na pikipiki haikuguswa na mtu. La pili: asubuhi inawaka vizuri, lakini ukikaa kwenye foleni ya Ubungo taa ya mbele inafifia, indiketa zinaacha kupepesa, na ukizima injini stata inabaki kugonga tik-tik-tik. Hayo ni magonjwa mawili. Moja linanyonya betri pikipiki ikiwa imelala, la pili halimpi mgonjwa chakula akiwa macho. Ukitibu moja, la pili litakufanya uamini hujatibu kitu.

Tuanze na lile la kulala kwa sababu ni jepesi. Hiyo Honda yako, CBR600F3 ya 1996 yenye kipima mwendo cha maili, imetoka Uingereza. Pikipiki nyingi za kule za miaka ile zilifungwa alamu ya wizi kwa ajili ya mambo ya bima. Kwenye picha ya tatu naona kiboksi cheusi kimefungwa kwa tepu pembeni ya betri, na naweka shilingi yangu kwamba ndiyo alamu yenyewe, hata kama rimoti ilipotea zamani. Inaendelea kulinda pikipiki isiyo na mwizi.

Pima hivi. Zima swichi, toa ufunguo, fungua kichwa cha hasi cha betri. Mita iweke kwenye ampea, tundu la 10A kwanza, halafu iunge katikati ya kichwa cha hasi na waya wake. Usiguse stata wala kuwasha swichi ukiwa umeunga hivyo, utachoma fyuzi ya mita. Ukiona namba ni ndogo sana ndipo uhamie kwenye miliampea. Pikipiki ya umri huo isiyo na nyongeza inapaswa kunywa miliampea moja au mbili tu, pengine isinywe kabisa. Ukikuta 30, hesabu mwenyewe: kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72, na betri yako nimesoma kwenye picha kuwa ni YTX9-BS, ya ampea-saa 8. Siku kumi na moja imekwisha. Wewe ulikaa Mwanza wiki mbili.

Chomoa nyongeza moja moja huku unaangalia mita: alamu, chaja ya simu, zile taa za LED za chini ya injini. Namba ikianguka ghafla, mnywaji umempata. Alamu usiizime tu, itoe yote. Lakini usikate waya zake kwa koleo ovyoovyo, maana aliyeifunga huenda alikata waya wa swichi au wa stata akaupitisha ndani ya alamu. Ukiondoa kiboksi bila kurudisha waya wa Honda pale ulipokatwa, pikipiki haitawaka kabisa, na fundi wa nne atakuambia kompyuta imekufa.

Hapo sikiliza jambo la rangi, kwa sababu ndilo linalounguza pikipiki za Honda kila mara zikishikwa na fundi wa magari. Kwenye Honda, kijani ndiyo athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Nyeusi ni umeme wa moto unaokuja ukiwasha swichi. Nyekundu inatoka betri moja kwa moja, rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto na bluu ya maji ni ya kulia. Fundi aliyezoea Yamaha, ambako nyeusi ndiyo athi, anachukua waya mweusi wa taa zake za urembo, anauunga na mweusi wa Honda, anapiga shoti, fyuzi inakatika. Halafu anaweka fyuzi kubwa zaidi! Kwa hiyo kabla hujapima kingine chochote fungua kisanduku cha fyuzi, soma namba kwenye kifuniko, na linganisha. Penye 10 pakiwa na 30, au pakiwa pamezungushwa karatasi ya sigara, rudisha iliyo sahihi hata kama itakatika. Fyuzi inalinda waya. Ukiiongeza, kinachobaki kuungua ni waya wenyewe, na uko chini ya tangi la petroli.

Sasa lile la foleni.

Chaji betri ijae, iache itulie saa mbili tatu, pima. Ikiwa nzima itakupa volti 12.7 au 12.8. Ikikupa 12.2 baada ya kuchajiwa usiku kucha, imeshachoka na vipimo vingine vyote vitakudanganya. Azima betri nzima kwanza. Piga stata huku mita iko kwenye betri: isishuke chini ya 10 kwa kiasi kikubwa. Kisha washa taa, pandisha injini hadi mizunguko 5,000 kwa dakika na usome palepale kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.5 na 14.8 mfumo wa chaji unafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu na inaendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15 regyuleta haizuii, au waya wake wa athi ni mbovu, na hapo ndipo betri inapovimba na balbu kuungua kila wiki.

Kipimo hicho ukifanye mara mbili: asubuhi injini ikiwa baridi, halafu tena ukirudi kutoka foleni, feni inazunguka na makava yamepata joto. Namba ya pili ndiyo ninayoitaka. Mafundi wako wote walipima, kama walipima, pikipiki ikiwa baridi chini ya mwembe.

Mimi nimesuka mota za pampu na za mashine za kusaga hapa Tanga tangu wewe hujaanza shule, na koili ya chaji ya pikipiki haina tofauti kubwa na mota ya fezi tatu: waya wa shaba uliopakwa vanishi, umezungushwa kwenye chuma. Vanishi ikichoka, waya zinagusana zikipata moto kwa sababu shaba imetanuka, na zikipoa zinaachana. Asubuhi utaapa ni nzima. Kwa hiyo koili nayo ipime ikiwa ya moto.

Tafuta waya tatu za njano zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye regyuleta, chomoa soketi yake, na kabla hujashika mita itazame hiyo soketi. Plastiki imegeuka kahawia? Kuna kidole kimoja cha shaba kimekuwa cheusi? Kwenye Honda za umri huo soketi hiyo huungua sana, hata koili na regyuleta zikiwa nzima. Kama imeungua, usiipake grisi na kuirudisha. Ikate, unga waya tatu moja kwa moja au weka soketi mpya nene.

Koili yenyewe: mita kwenye volti za AC, injini mizunguko 5,000, pima njano ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Unataka namba tatu zinazolingana na zinazopanda unapoongeza mafuta, zikipita 50 bila shida. Moja ikibaki nyuma ya wenzake, koili ndiyo hiyo. Kisha zima, pima kila njano na chuma cha injini: pasiwe na mawasiliano yoyote. Omu za waya kwa waya usizitegemee sana. Zinapaswa kuwa chini ya omu moja, na waya za mita ya bei nafuu peke yake zinasoma 0.2 au 0.3 ukizigusanisha, kwa hiyo utakuwa unapima mita yako.

Koili ikiwa nzima, usikimbilie regyuleta. Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakifanyi, na kwa pikipiki iliyochezewa kama yako nakiweka juu ya vyote. Injini inaunguruma, taa zimewashwa. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya regyuleta, pale waya unapotoka. Ncha nyingine kwenye chanya ya betri. Unapima volti zinazopotea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa athi. Ikizidi 0.3 mahali popote, kuna kiungo kibovu katikati. Nusu volti inaonekana kitu kidogo, lakini ampea 15 zikipita hapo ni wati 7.5 za joto ndani ya kiungo kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Ndiyo maana plastiki inayeyuka, na ndiyo maana betri yako inaona 12.9 wakati regyuleta inatoa 14 safi.

Volti bila mzigo ni porojo. Waya wenye nyuzi ishirini ukibaki na uzi mmoja, mita itakuonyesha 12.6 kamili, kwa sababu mita hainywi umeme. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge waya mbili, tumia hiyo kupimia. Inakunywa ampea karibu 1.75. Ikiwaka nyeupe, waya uko sawa. Ikiwaka rangi ya chai, umepata mahali pa kuchimba. Kifaa hicho utakitengeneza kwa dakika chache na kitakufaa kuliko wiring ya mtumba, ambayo nayo ina miaka karibu thelathini na hujui nani aliikata wapi.

Mahali pa kuchimba ni popote mwenye pikipiki wa kwanza alipotia mkono. Alishusha mikono ya usukani, kwa hiyo angalia shingo ya chesisi: waya zimebanwa na zipu, kila ukikata kona zinakunjwa palepale, shaba inakatika ndani na ganda la nje linabaki zuri. Washa taa, zungusha usukani kushoto na kulia, tikisa fungu lote la waya huku unaangalia balbu. Alikata mkia akaweka taa ndogo, kwa hiyo chini ya siti kutakuwa na vile vibanio vya plastiki vya bluu vinavyong'ata waya bila kuuchuna. Hivyo ving'oe vyote, sina subira navyo. Vinakata nyuzi nusu na kuingiza maji, na ukichubua ganda utakuta shaba imegeuka kijani. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa, banisha kiungo cha shaba kwa koleo lake, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ukipenda solda, basi ufunge waya kwenye chesisi karibu na kiungo, maana mtetemo huukata pale solda inapoishia. Tepu nyeusi peke yake kwa joto la Dar inabaki gundi tu.

Indiketa kuacha kupepesa huenda kukawa ni betri kushuka, lakini kwa kuwa ni za LED, angalia pia rilei yake, kile kiboksi kinachozipepesa. Ya kiwandani ilitengenezwa kwa balbu za wati 21. Weka rilei ya kielektroniki ya LED, achana na zile rizista za kufunga pembeni ambazo kazi yake ni kugeuza chaji kuwa joto.

Swichi ya stendi, ile inayozima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini, usikubali mtu aiunge moja kwa moja. Najua wanafanya. Ukiondoka na stendi imeshuka, kona ya kwanza ya kushoto inakuangusha.

Regyuleta tukiifikia na ikawa ndiyo mbovu, itafute ya aina ya MOSFET, yenye transista, iliyotengenezwa na kampuni ya Shindengen ya Japani, iliyotoka kwenye pikipiki kubwa, si ile ya boksi jeupe isiyo na jina. Ifunge mahali penye upepo na chuma, na athi yake ipeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri.

Jumamosi ukiwa nyumbani anza na miliampea, halafu volti za betri baridi na moto, halafu zinazopotea njiani kwa chanya na kwa athi, halafu njano tatu. Niandikie namba hizo kwa mpangilio huo, usinitumie sauti, mimi sauti siwezi kuisoma nikiwa na kalamu mkononi. Picha ya soketi ya njano ipige kwa karibu, pande zote mbili. Wiring ya mtumba mwambie huyo fundi asubiri.

Msalimie mkeo, na mwambie Bibi yake mdogo yule kikapu cha machungwa nitakituma na basi la Jumatano.

Mama yako