Jibu: kupata na kufundisha wafanyakazi wa kiwanda cha korosho Masasi

Dada, umeuliza kama serikali inaweza kukusaidia kupata watu na kuwafundisha kwenye kiwanda chako kidogo cha kubangua korosho. Inaweza, ila usitegemee ikulipie mishahara.

Ulizia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mimi ningeanza na uanagenzi: kijana anasoma chuoni na anajifunza kazi kwako, ada inabebwa na serikali. Wewe unampa mtu wa kumsimamia kweli, si kumfanya wa kufagia na kutumwa chai. Utarajali, yaani mafunzo ya kazini, ni wa wahitimu, unafaa ukitaka mhasibu au mtu wa ubora. Hapo utaongea na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Yule fundi wako wa mashine asiye na cheti, mpeleke VETA Mtwara, chuo cha serikali cha ufundi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi alioupata mtaani.

SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, isikutishe. Tangu 2021 inamhusu mwajiri wa wafanyakazi 10 au zaidi, na 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Ila WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, haiangalii udogo, jisajili hata kama una watu watatu, maana mashine za kubangua hazina huruma na vidole.

Nenda kwa afisa kazi Mtwara mapema, kabla ya Oktoba. Msimu ukianza kila mtu yuko mikoroshoni au mnadani, hutampata kijana wala wa kukusikiliza.