Kusikiliza na kugusa mashine kabla ya kuifungua

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza fundi anawezaje kujua ubovu wa mota au pampu kwa kusikiliza na kugusa tu, na kama ujuzi huo bado una kazi sasa ambapo vipo vifaa vya kupima mtetemo.

Ujuzi huo bado una kazi kubwa, mradi ujue kwamba mlio peke yake husema machache. Linalosema mengi ni jinsi unavyobadilika unapobadilisha hali ya mashine. Mota ikitetemeka, ikatie umeme huku ukiisikiliza. Mtetemo ukikoma papo hapo, ilhali shafti, yaani mhimili wa mota, bado inazunguka, chanzo kiko upande wa umeme. Ukififia taratibu kadiri mwendo unavyopungua, kagua beringi zinazoishikilia shafti izunguke kwa wepesi, kaplingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) iliyofungwa kombo, au feni iliyopoteza mizani. Jaribio hilo fupi limeniepusha mara nyingi na kufungua mashine bila sababu.

Beringi isikilize kwa bisibisi ndefu: ncha uikite pale beringi ilipokaa, mpini uuegemeze kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Beringi nzima huvuma kwa ulaini bila kukatika. Iliyochubuka ndani hukwaruza au kugonga kwa vipindi, na vipindi hivyo hukaribiana mwendo ukiongezeka. Sikiliza na ya upande wa pili, ulinganishe, ndipo uamue. Kipimo cha mtetemo huweza kuugundua ubovu huo kabla ya sikio, kwa hiyo ukikipata kitumie.

Joto lipime kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa umeme uliovuja hukaza vidole, na kiganja kingeweza kung'ang'ania chuma. Chuma kikifika nyuzi 60 hivi, hutavumilia zaidi ya sekunde chache, ingawa mota nyingi hufanya kazi salama katika joto hilo. Cha kukutia shaka ni joto lililopanda kuliko kawaida yake kwa kazi ile ile.

Kisha laza ncha ya kidole kwenye kiungo cha mguu wa mota na kitako chake, nusu huku, nusu kule. Ukihisi upande mmoja unacheza peke yake, bolti imelegea au mguu haukukaa sawa. Mikono ya nguo ikunje, na sehemu inayozunguka usiiguse kamwe.

Hiyo pampu yako inayolia kana kwamba imemeza kokoto usiifungue kwanza. Mara nyingi ni mapovu ya mvuke yanayopasuka ndani kwa sababu maji hayafiki vya kutosha upande wa kuvuta. Safisha chujio, hakikisha vali ya upande huo imefunguka yote, kisha uniandikie mlio umebadilikaje.

Mama yako