Jibu: Wageni wanalala Kilwa usiku mmoja tu, barua haijajibiwa

Habari ndugu. Umesema wageni wako wakishaona magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kesho yake wanaondoka, na barua yako ya kuomba ushirikiano haijajibiwa. Kwanza, uliandika peke yako? Huku kwetu nilifanya hivyo, barua ikalala. Tulipokwenda kwa afisa utalii pamoja, wenye nyumba za wageni, manahodha na waongozaji, tukaomba jambo moja tu, kibao cha bei za mashua bandarini, tulisikilizwa siku hiyohiyo. Leseni zenu ziwe hai kabla hamjaingia ofisini! Halafu zungumzeni na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambao ndio wasimamizi wa magofu, kuhusu safari za Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Iko kwenye urithi wa dunia pamoja na Kisiwani tangu 1981, na safari yake hula siku nzima. Mgeni atalala tena.