Miaka Minne Nikimwagilia Chungwa, Kumbe ni Limau

Jumapili nimechuma machungwa kumi na saba nyuma ya nyumba, hapa Utawala, Nairobi. Nimeyahesabu mara mbili. Kabla sijamenya hata moja, ikaingia meseji ya msomaji wa Ruai: "Kaka, mchungwa wangu una miaka minne, umejaa miiba tu, hata ua sijaona. Shida ni nini?"

Ndugu yangu, umenitonesha kidonda.

Mche wangu wa kwanza niliununua kando ya barabara, wa kupandikizwa, chungwa aina ya Washington Navel, nikaahidiwa matunda mwaka wa tatu. Nikachimba shimo la futi mbili, nikatia samadi iliyooza, nikapanda mvua ya Aprili ilipoanza. Mwaka wa pili ulifumuka majani, na miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Majirani wakasifu, nami kichwa kikavimba.

Mwaka wa nne ukazaa. Mama mkwe alipotutembelea nikamkatia tunda la kwanza, kwenye sahani ya wageni. Ganda nene lenye manundu, mbegu tele. Akatia kipande mdomoni, akafumba jicho moja, akaniuliza kwa upole, "Baba Ciku, hili ni chungwa la wapi?" Sijasahau, na shemeji zangu hawataki nisahau.

Miche mingi ya machungwa hupandikizwa, yaani kikonyo cha chungwa huunganishwa juu ya shina la limau lenye ganda la manundu, kwa kuwa mizizi yake ni migumu. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo, pale viwili hivyo vilipounganishwa, ni limau, na lina nguvu kuliko chungwa. Wageni walipoondoka nilipiga magoti pale shinani. Katikati ya matawi kulikuwa na kijiti kikavu, kinene kama kalamu. Hicho ndicho kilikuwa chungwa langu.

Kwa hiyo tafuta kiungo, ule uvimbe au kovu kwenye shina. Kinachochipuka chini yake king'oe kikiwa kichanga. Mimi hukagua kila Jumamosi. Ndiyo, kila Jumamosi! Na udongo wetu huu mweusi hushika maji, kwa hiyo panda juu ya tuta, na matandazo yasiguse shina, lisije likaoza. Ila hata ukifanya hayo yote, usipong'oa machipukizi umelea limau. Watu wa Nairobi tunapenda kununua mche, kuupiga picha, halafu kumwachia mvua na Mungu. Mti haulelewi hivyo. Kila Jumamosi, nimesema.

Yule wa Ruai nilimwomba picha ya shina. Ameleta tatu, na kiungo sikioni hata kwenye moja. Alifukia shina kwa udongo karibu futi nzima, eti upepo usiuangushe mti. Nimemwambia leo jioni achukue mwiko, afukue polepole, kisha anitumie picha ya nne.